Sikio la Kushoto

Simu zilipofungwa, watu wa Tukuyu walizikosa salamu kuliko walivyowahi kuikosa sukari.

Redio yenyewe haikufungwa. Iliendelea kupiga muziki na kusoma matangazo ya mbolea, ikikaa palepale juu ya kabati, kando ya vikombe vya wageni. Ila hakukuwa tena na mtu wa kupiga simu na kusema, "Hapa ni mimi Baba Tusa wa Ushirika, mzee wa chai na ndizi, nawasalimu wote wanaonifahamu." Serikali ilikuwa imeamua kwamba simu za wasikilizaji ndizo zilizochochea ghasia za mwaka wa uchaguzi, na kwamba mtu mmoja akibwabwaja hewani anaweza kuuchoma mji. Basi mji ukanyamazishwa. Kwa miaka saba Subilaga, mtangazaji wa Redio Kilele, alikaa studio akizungumza na ukuta.

Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na tusifichane: wapiga simu ndio waliokuwa jamaa zake. Alivijua vikohozi vyao, kuku wao waliokuwa wakilia nyuma ya mazungumzo, wajukuu waliokuwa wakinyang'anya simu. Aliwakumbuka hadi akaumwa. Kuna siku alikuwa akinyanyua mkono wa simu iliyokufa na kuuweka sikioni, hivihivi tu, kisha akaurudisha akijionea aibu.

Ndipo Mamlaka ya Utulivu Hewani ilipoleta Kinyooshi.

Lilikuwa sanduku la kijivu, dogo kuliko begi la mwanafunzi, limepigwa lakiri pande zote. Lilidaka maneno ya mpiga simu, na ya kipaza sauti cha studio pia, likayashikilia kama nusu dakika, kisha likayaachia hewani yakiwa yamenyooka. Halikupiga mlio wala kukata sauti kama mitambo ya zamani. Pale penye neno la kuzua taharuki lilipachika neno jingine, kwa sauti ya mpiga simu mwenyewe, kwa pumzi yake, kwa kicheko chake. Mtu alisema zahanati haina dawa, na mji ukamsikia akisema zahanati inajiandaa kupokea dawa. Wananchi walikuwa wameambiwa kwamba mashine inaondoa matusi tu. Wakaisifu sana, maana kweli matusi yalikuwa yamezidi.

Mtangazaji peke yake hakuweza kufichwa, kwa sababu ndiye aliyezungumza na mpiga simu ana kwa ana. Kwa hiyo vipokea sauti vyake vilikuwa na kazi mbili. Sikio la kushoto lilisikia mtu alivyosema. Sikio la kulia, nusu dakika baadaye, lilisikia mji ulivyosikia. Afisa wa Mamlaka, kijana mwenye adabu na viatu vinavyong'aa, alimwapisha Subilaga palepale mezani.

"Cha kushoto kinabaki kushoto, mama," alimwambia. "Ukikitoa nje, simu zinafungwa tena. Si zako tu, za wilaya nzima."

Alitia saini kabla kijana hajamaliza kusoma. Tumwelewe. Taa za simu zilikuwa zimeanza kuwaka mezani, nyekundu, moja baada ya nyingine, na kila taa ilikuwa mtu.

*

Tukuyu wana desturi yao. Mtu akisafiri mbali anaagwa hewani. Mama au baba anakuja studio Jumamosi mchana, kwenye kipindi cha salamu, anamtaja mwanawe jina, anambariki, na madereva wa mabasi wanaongeza sauti ya redio ili abiria wasikie wakiagwa. Kuondoka bila kuagwa ni kuondoka kama mwizi. Hata basi la mradi wa machimbo ya Itobola, linalobeba vibarua kutoka Mbeya mjini, lilikuwa likisubiri kipindi kiishe ndipo liondoke. Waliolipanda walikuwa wamekwisha kukabidhi simu zao mlangoni, kwa hiyo redio ndiyo ilikuwa kwaheri ya mwisho.

Jumamosi hiyo alikuja Mama Lugano.

Aliingia na mvua yake begani, kwapani kabana mkungu mdogo wa ndizi, mkononi chupa ya maziwa mgando. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, anayeongea kabla hajafika.

"Ndaga, dada Subi! Usinyanyuke, usinyanyuke. Hizi za kwako. Leo namuaga Asajile, yule wangu wa mwisho. Tangu alfajiri yuko Mbeya anasubiri basi. Anamfuata kaka yake."

Subilaga aliupokea mkungu na akashindwa pa kuuweka. Kwa mwaka mzima na zaidi, kila Jumamosi, Lugano alikuwa akipiga simu kutoka Itobola, kwa sababu mradi uliwaruhusu vibarua simu moja tu: ile ya kipindi cha salamu, inayopita kwenye Kinyooshi. Kwa mwaka mzima na zaidi sikio lake la kushoto lilikuwa likimsikia akisema vumbi linawaua, mikataba haiishi, mama nitoe huku. Na sikio la kulia lilikuwa likimsikia Lugano huyohuyo akisema hewa ni nzuri, kazi inaendelea, mama usiwe na wasiwasi. Huko Itobola hapakuwa na redio. Lugano hakujua kinachotoka hewani. Alijua tu kwamba analia kila wiki na mama yake hajibu.

Vijana wengine wanne walikuwa wamekwenda kwa kuzisikia zile salamu. Subilaga aliwasikia wakiagwa. Alijiambia kwamba wilaya nzima inahitaji simu zake, wajane, wagonjwa, wazee kama Baba Tusa, na kwamba yeye si mwajiri wa mtu. Usiku hakulala vizuri, mchana alifanya kazi.

"Mama," alisema, "keti kwanza. Asajile asiende."

Mama Lugano alicheka. "Na wewe umeanza kumwonea wivu mwanangu?"

"Lugano haongei unavyomsikia. Hii mashine haitoi matusi tu. Inabadilisha. Anasema anaumwa, wewe unasikia mzima. Mimi namsikia kila wiki."

Alikuwa ameshasema. Mama Lugano alimtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa anayeweweseka.

"Dada Subi. Mimi nimemzaa Lugano. Sauti yake naijua tangu ilipotoka mara ya kwanza. Nikiisikia redioni mikono yote inakufa, naacha hata sufuria iungue. Sasa uniambie si yeye?"

"Ni sauti yake. Maneno siyo."

"Sauti itatokaje bila mwenyewe?" Alijifuta mvua usoni kwa upande wa kitenge. Hakuwa amekasirika, alikuwa tu hana nafasi ya kuamini jambo kama hilo. "Umechoka, mwanangu. Kukaa humu peke yako si kuzuri. Haya, niwekee kipaza sauti nimbariki mtoto."

Subilaga alitazama saa ya ukutani. Kipindi kilikuwa kimebakiza muda usiozidi robo saa.

*

Taa ya tatu iliwaka. Namba ya Itobola.

Mama Lugano alikuwa ameshahamia upande wa pili wa kioo, panapokaa wageni wa studio wakisikia kupitia spika ya ukutani, ile inayotoa yaliyonyooka. Subilaga alifungua mlango wa kioo, akamvuta Mama Lugano kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Hakuwa na vipokea sauti vya pili. Akavipanua vile vyake, upande wa kushoto akamwekea mama, wa kulia akabaki nao. Wakawa wamekaa vichwa vimegusana, kama wasichana wanaosukana.

"Redio Kilele, karibu, jitambulishe," Subilaga alisema.

Mama Lugano alishtuka na kukunja uso. Alikuwa anasikia kikohozi. Kirefu, cha chini kabisa kifuani, cha mtu aliyekwisha kukizoea. Kinyooshi kilikuwa kikiviondoa vikohozi pamoja na mengine, kwa kuwa vilihesabiwa kelele.

"Ni Lugano," sauti ilisema. "Lugano wa Itobola. Dada Subi, leo nakuomba kwa jina la Mungu. Mwambie mama..."

"Lugano," mama alisema.

"Mama?"

"Ni mimi. Niko hapa kwa dada Subi."

"Unanisikia? Mama, unanisikia mimi?"

"Nakusikia. Unakohoa."

"Nakohoa tangu mwaka jana. Si nimekwambia? Kila Jumamosi nakwambia."

"Hukuniambia, mwanangu. Uliniambia umenenepa."

Lugano alianza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda. Mama alishika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila kutoa neno, na Subilaga, aliyekuwa karibu kiasi cha kuhisi joto la shavu lake, aliona kwamba sasa ameamini.

"Nimenenepa," Lugano alisema hatimaye. "Mama, sikiliza. Jana wamesoma majina ya wanaokuja. Nimesikia la Asajile. Usimwache aje. Huku ukiingia hutoki, mkataba ukiisha wanakusainisha mwingine kwa ajili ya deni la chakula. Mwambie asipande. Mwambie hata kama ameshapanda, ashuke."

"Hapandi!" Mama Lugano alikiegemea kipaza sauti mpaka kikagonga meno yake. "Asajile! Asajile mwanangu, ni mimi mama yako. Shuka kwenye hilo basi. Kaka yako anaumwa. Huendi popote, unanisikia? Sikukubariki. Shuka, rudi nyumbani!"

Akaegemea nyuma, akahema, akafuta macho. Uso ulikuwa na nafuu ya mtu aliyewahi mlango kabla haujafungwa.

"Haya," alimwambia Lugano kwa upole. "Nimemwambia."

Subilaga alivua kipande cha kulia sikioni mwake na kumwekea mama, sasa akawa na vyote viwili. Alijua kinachokuja. Kwa vile vilivaliwa vikiwa vimelegea, aliweza kukisikia mwenyewe, chembamba, kikivuja pembeni.

Ilikuwa sauti ya Mama Lugano. Furaha yake yote ilikuwemo, hata ile haraka yake ya kumeza maneno ya mwisho.

"Asajile! Asajile mwanangu, ni mimi mama yako. Tulia kwenye hilo basi. Kaka yako anakusubiri. Nenda, mwanangu, unanisikia? Nimekubariki. Nenda salama, ukafanye kazi!"

Mama Lugano aligeuka polepole.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi sikusema hivyo."

"Najua."

"Lakini ni mimi." Alijigusa shingo, pale sauti inapotokea, kama anayetafuta alipoibiwa. "Dada Subi, ni mimi kabisa. Asajile anasikia hivi? Sasa hivi, huko aliko, anasikia mama yake anamwambia nenda?"

"Anasikia hivi."

"Basi niache niseme tena. Nitapiga kelele."

"Ukipiga kelele, itatoka hewani kama vigelegele."

*

Kulikuwa na njia moja, na Subilaga aliijua tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imemnyima usingizi.

Upande wa kulia wa meza kulikuwa na kitufe kilichofunikwa kwa kifuniko cha plastiki. Kiliwekwa kwa ajili ya maporomoko ya ardhi na mafuriko, siku ambayo hakuna muda wa kunyoosha neno. Ukikibonyeza, kipaza sauti cha studio kinapita moja kwa moja hewani. Na ukikibonyeza bila maafa kutangazwa na Mamlaka, sanduku lenyewe linazikata simu zote palepale, na mkoa mzima hauna mtu wa kuzirudisha. Aliyaeleza hayo kwa maneno machache, akitazama saa.

"Lugano hapigi kwingine, Mama. Hii ndiyo simu pekee waliyoruhusiwa. Nikibonyeza, Asajile atakusikia. Na Lugano hutamsikia tena. Leo wala Jumamosi nyingine."

Hakutaja yake. Hakusema kwamba na yeye atarudi kwenye ukuta, kwamba Baba Tusa atazimika, na yule bibi wa Kiwira anayepiga kila wiki kumsalimu mumewe wanayekaa naye nyumba moja. Alizitazama taa nyekundu zinavyomeremeta zikisubiri zamu na akazipenda kwa uchungu. Miaka saba alikuwa amezililia. Angetaka mtu mwingine aamue, serikali, Mungu, mvua iangushe mnara.

"Kwa nini ukaniwekea hiki kitu sikioni?" Mama Lugano alisema. "Nilikuwa nina watoto wawili wazima."

Subilaga aliinua kifuniko cha plastiki na kuweka kidole juu ya kitufe, asikibonyeze.

"Mama?" Lugano aliita. "Upo?"

"Nipo." Mama Lugano alikibana kipande cha kushoto kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka sikio likajikunja. Kile cha kulia alikiacha kikianguka shingoni. "Lugano, hebu nisalimie."

"Mama, hakuna muda, Asajile..."

"Asajile namshughulikia. Wewe nisalimie. Kama unavyosalimia siku zote. Mimi sijawahi kukusikia."

Lugano akaanza, taratibu, kwa mtindo wa watu wa salamu, akikohoa katikati ya majina.

"Hapa ni mimi Lugano, niko Itobola. Salamu zangu za kwanza ziende kwa mama yangu mzazi, popote alipo, anisikie. Za pili kwa mdogo wangu Asajile. Ziende kwa shangazi Bupe, kwa mjomba wa kule kwenye daraja, kwa wote tuliobatizwa pamoja, kwa ng'ombe wetu Sindano kama bado yupo..."

"Yupo," mama alinong'ona. "Amezaa."

"...ziwafikie majirani wote, na aliyenisahau nimemsamehe. Na ujumbe wangu, mama..."

Ukutani mshale mrefu uligusa alama ya mwisho. Huko Mbeya dereva alikuwa ameshatia ufunguo. Mama Lugano aliuona mshale, na mkono wake ukaja juu ya mkono wa Subilaga, mzito, wenye ukavu wa jembe, ukaukandamiza mpaka kitufe kikaingia.

Taa zilizimika zote kwa mpigo. Subilaga hakuwahi kufikiri kwamba zingezimika bila sauti yoyote.

"Asajile," Mama Lugano alisema kwenye kipaza sauti, na safari hii hakupiga kelele. Sauti ilikuwa imepasuka, haikuwa na furaha hata kidogo, na mji mzima, jikoni na kwa vinyozi na sokoni, uligeuka kuitazama redio. "Asajile, uliyemsikia mwanzo siye mimi. Mimi ni huyu. Kaka yako anakufa kule Itobola. Shuka, mwanangu. Na ninyi wengine mliomo, nawaomba, mama zenu wakiwabariki leo msiwaamini. Shukeni."

*

Watu wa Mamlaka walifika kabla ya jioni. Walikata lakiri, wakaweka mpya, wakaandika majina, wakamwambia Subilaga asitoke nje ya wilaya. Yule kijana wa viatu alikuwa miongoni mwao. Alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli mashine ilikuwa ikiwafanyia hivyo hadi akina mama. Subilaga akamjibu kwamba jibu aliapishwa asilitoe.

Mama Lugano hakuondoka. Waliondoa kila kitu kingine mezani, lakini hakuna aliyethubutu kumvua vipokea sauti. Alikaa kwenye kiti cha mtangazaji, kiganja juu ya sikio la kushoto, kichwa kimeinama upande huo. Subilaga alimmiminia maziwa mgando kwenye kikombe na kumwekea mbele. Hakuyagusa.

Giza lilikuwa linaanza Asajile alipopanda ngazi, begi mgongoni, amelowa, ana hasira za kijana aliyeshushwa mbele ya wenzake. Nyuma yake ngazini zilisikika sauti za wenzake wawili walioshuka naye. Alisimama mlangoni, akatazama kioo, sanduku, wale watu wenye karatasi, na mama yake.

"Mama, nimekuja. Mama, ni kweli kaka anaumwa? Mbona umekaa hivyo? Mama."

Alimfikia, akapiga magoti, akamshika mkono. Mama Lugano aliuona uso wake na machozi yakamtoka, akampapasa kichwa chake chenye mvua, masikio, mabega, akihakikisha. Kisha akamwekea kidole mdomoni.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema, na akakibana kile kipande kilichokufa sikioni kwa nguvu zaidi. "Kaka yako alikuwa bado hajanipa ujumbe."